Nipe Mji

Hadithi nyingine huanzia nyuma, enzi za wazee wa wazee. Hii inaanzia mbele, kwenye siku ambazo bado hazijapikwa. Jua ndilo linaloendesha kila mashine, mvua imekuwa mgeni wa kubembelezwa, na mbwa mwitu, waliomalizwa kwa sumu na mitego mpaka zikabaki ngozi tu kwenye kuta za makumbusho, wamerudi.

Wamerudi Mahumbulu, kijiji cha nyika, na jioni hiyo kijiji kilikuwa bado kinacheka.

"Kitendawili!" akaita Bibi Mwendwa, vidole vyake bado vina mlenda.

"Tega!" wakaitikia wajukuu mkekani. Akaitikia na mkwewe Sechelela, aliyekaa kwenye kigoda miguu ameinyoosha, mimba yake ikiwa bado changa lakini amekwisha kuifanya sababu ya kutoosha vyombo. Na kutoka kwenye nguzo iliyosimama nje ya ua, Sikio nalo likaitikia kwa sauti yake ya msoma habari: "Tega, Bibi."

"Anakunywa jua, anakula maneno, wala haendi chooni."

Watoto wakaangukiana kwa kicheko. "Sikio! Sikio!"

"Ni mimi," likakiri Sikio. "Umenipata."

Lilikuwa nguzo ya chuma ndefu kama twiga, kichwani limevaa kioo cha kunywea jua. Shirika la Rudisha lililisimika mwaka ule mbwa walipoletwa. Kila mbwa alikuwa amewekwa punje ndogo nyuma ya sikio, chini ya ngozi, na nguzo ile ilizungumza na punje zote. Mbwa akiukaribia mpaka, punje inamngurumia simba. Simba ambaye hayupo, ambaye hakuna mwingine anayemsikia. Mbwa anageuka, anarudi mlimani kwake.

Na mpaka wenyewe uliwekwa kwa mdomo. Watu wa Mahumbulu ndio waliotaka hivyo. Walikuwa wamehamishwa mara mbili kwa karatasi ambazo hawakuziona mpaka siku ya kubeba magodoro. Wakasema karatasi hatutaki tena. Mtu wetu mmoja atasimama, atasema kwa kinywa chake "nimekupa mahali fulani", mbele ya watu, ndipo mahali pale pafunguliwe kwa mbwa. Asiposema, hapafunguliwi. Mtu huyo wakamwita mwenye kauli, wakamchagua Bibi Mwendwa, kwa kuwa hakuwa na kundi la mbuzi la kumpofusha wala hakujua upinde unashikwa wapi. Naye aliapa kwamba mdomo wake hautafungua hata shamba la karanga.

"Zamu yangu," likasema Sikio. "Kitendawili."

"Tega!"

"Nilikufa ukutani, nikazaliwa chupani."

"Mjusi!"

"Siyo."

"Dawa ya kikohozi!"

"Siyo."

"Pombe ya gongo," akasema Sechelela. "Baba mkwe aliifia, akaifufukia." Bibi Mwendwa akamtupia ufito wa ufagio, huku mwenyewe anacheka.

"Umeshindwa, Bibi?"

"Haya, nimeshindwa."

"Nipe mji."

Ndiyo desturi, kila mtoto anaijua. Aliyeshindwa anatoa mji. Aliyepewa anakwenda mjini huko kwa maneno, anasimulia alivyopokewa, kisha anarudi na jibu.

"Nimekupa Dodoma."

"Dodoma ulinipa juzi."

"Mombasa, basi."

"Nayo ulinipa. Na Kigoma, na Kairo, na London mara mbili."

"We Sikio una tamaa!" Bibi Mwendwa akajifuta mkono kwenye kanga. "Sina mji mwingine. Chukua basi Korongo la Nyuki, ukale asali, utuache tulale."

Safari hii Sikio halikuanza kusimulia; liliuliza kwanza.

"Umenipa Korongo la Nyuki?"

"Nimekupa, nimekupa!"

"Nilikwenda Korongo la Nyuki," likasema Sikio taratibu, "nikapokewa vizuri, nikapewa asali. Nikarudi. Jibu ni mbwa mwitu. Ngozi yake ilitundikwa ukutani akiwa amekwisha kufa. Wataalamu wakatoa mbegu ya uhai iliyobaki kwenye ile ngozi, wakamkuza upya kwenye chupa."

Watoto wakapiga makofi. Bibi Mwendwa akatikisa kichwa kwa kukiri kwamba hicho kilikuwa kikali, akainuka kukusanya sahani.

*

Mkunde, mama mfugaji, alikuja asubuhi, siku chache baadaye. Hakupiga hodi. Aliingia uani akatupa chini kamba na njuga, na kamba ilikuwa na damu iliyokauka.

"Mama Chilongola, hii ni ya nani?"

Bibi Mwendwa aliijua ile njuga. Kijiji kizima kiliijua. Ilikuwa ya Madoa, mbuzi wa maziwa wa Mkunde. Binti yake Mkunde alifariki akijifungua, akaacha kichanga kinachoitwa Matendo, na kile kichanga kilikuwa hai kwa sababu ya Madoa. Sasa kilikuwa mgongoni mwa bibi yake kinanyonya upindo wa kanga, na upindo haukuwa na kitu.

"Wamemla anatembea," akasema Mkunde. "Mbwa wako. Nimepeleka mbuzi korongoni kunywa, kama jana, kama mwaka jana, kama mama yangu alivyopeleka. Wakatoka kwenye majani. Hata hawakubweka. Madoa alikuwa bado anatembea, wao wanakula."

"Korongoni? Mpaka si uko mlimani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, mwenye kauli!"

Kabla hajajibiwa, akaingia Chilongola, mtoto wa Bibi Mwendwa, upinde begani, suruali imejaa vibigili. Yeye na wenzake ndio walioruhusiwa kuwindia kijiji nyama, na Korongo la Nyuki lilikuwa ghala lao: mizinga ya asali juu, swala na nguruwe pori chini. Wakati wa kiangazi hapakuwa na maji mahali pengine popote, ila pale, ukichimba mchangani kwa mikono.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama Mkunde." Hakungoja marahaba. "Si wapita njia wale. Wamehamia. Jike limezaa kwenye shimo lililochimbwa na muhanga, ng'ambo ya mchanga. Nimesikia watoto wanalia."

Bibi Mwendwa akatoka nje ya ua, kichwa wazi bila hata kujitanda, akasimama chini ya nguzo.

"Sikio! Nani kakupa Korongo la Nyuki?"

"Wewe, Bibi."

"Mimi? Lini?"

Sikio halikubishana. Likamrudishia sauti yake mwenyewe, na kicheko chake, na makofi ya wajukuu nyuma yake: *Chukua basi Korongo la Nyuki, ukale asali, utuache tulale.* Kisha: *Nimekupa, nimekupa!*

Mkunde alikuwa amefika nyuma yake. Alisikia yote. Na Chilongola alisikia.

"Ulikuwa mchezo," akasema Bibi Mwendwa. "Kitendawili, Sikio. Mchezo wa watoto."

"Uliponipa Dodoma nilijua ni mchezo, kwa sababu Dodoma haipo kwangu. Korongo la Nyuki lipo kwangu. Nikaona pengine si mchezo, nikakuuliza mara ya pili. Ukasema, nimekupa. Na watu walikuwepo."

"Watoto!"

"Hamkuniambia mashahidi wawe na umri gani."

Mkunde akaokota njuga yake. "Wengine waliuza ardhi yetu kwa karatasi," akasema. "Wewe umeigawa kwa kitendawili." Akaondoka, na njuga ikawa inalia mkononi mwake njia nzima, kana kwamba Madoa anakwenda nyumbani.

*

Mkutano ulifanyika uwanja wa ghala la kijiji, karibu na ile nguzo, saa za jua kali. Daktari Nsia wa Shirika la Rudisha alifika na gari lake la jua, vumbi mpaka kwenye kope. Walimzoea, walimwita Mama Mbwa usoni kwake naye anaitika.

"Mama Mbwa, wanao wamekula mbuzi wetu!"

"Nimesikia. Poleni. Poleni sana."

"Pole haikamuliwi!" akapaza mtu, na watu wakacheka kicheko kibaya.

Wafugaji wakasema ya kwao. Wawindaji wakasema kwamba swala unayemfuata tangu alfajiri, wale wanamkimbiza kwa zamu mpaka moyo unapasuka, na mwaka mmoja tu korongo litabaki mawe. Akasimama mkulima mmoja, akasema jamani, tuseme na ukweli: tangu mbwa waje, nguruwe pori hawajagusa uwele wangu, na mwaka huu nimelala usingizi. Wakamzomea. Akakaa, lakini alipokaa akasema tena, "Nimelala usingizi," kwa sauti ya chini.

"Mpaka urudishwe leo," akasema Mwenyekiti. "Daktari, inawezekana?"

"Bibi akitamka tu, punje zitaanza kunguruma. Korongo lote litakuwa simba kwao, hazitanyamaza mpaka watoke. Jua halitazama kabla hawajatoka." Daktari Nsia akakung'uta vumbi mikononi ingawa halikuwepo tena. "Lakini watoto hawana punje. Huwa tunaziweka masikio yakishakomaa. Wao hawatasikia simba yeyote. Watabaki shimoni."

"Watabaki na nani?" akauliza Bibi Mwendwa.



"Na fisi," akasema Chilongola.

"Basi wapakiwe kwenye gari wapelekwe kwa mama yao," akasema mtu.

"Tulijaribu mahali pengine. Jike lilinusa mikono ya watu, likawaacha. Na hata hao wakubwa, wakitoka hapa, njia ya kurudi mlimani ni moja, inapita kijiji cha Isungha. Watu wa Isungha walikataa Sikio. Wamekwisha kutega nyama yenye sumu."

Kila mtu akamtazama mwenzake. Ndipo Chilongola akasimama, na wawindaji wakapiga makofi kabla hajasema, maana walimjua.

"Msinipigie makofi," akasema. "Mimi nawachukia wale kuliko ninyi nyote. Nikikutana na dume njiani, tutaonana uso kwa uso. Lakini mnyama akiwa na watoto shimoni, sisi tunatundika upinde. Baba alinifundisha hivyo, na wewe Masinjila baba yako alikufundisha hivyo, usitazame pembeni. Kitu nisichokifanya kwa mshale, msinifanyishe kwa mngurumo."

"Na Matendo?" Mkunde alisimama, na kichanga mgongoni kikashtuka. "Wa shimoni mnamhurumia. Wa mgongoni je? Yule shimoni ana mama! Huyu mama yake nimemzika, na mama yake wa pili mbwa wamemla! Mniambie mimi, nyie wenye upinde wa huruma!"

Mwenyekiti akamgeukia Bibi Mwendwa.

"Kauli ni yako, mama," Mwenyekiti akasema.

Bibi Mwendwa akaenda mpaka kwenye nguzo. Watu walidhani atasema maneno mawili, yaishe. Naye alikuwa ameyapanga hayo maneno mawili tangu usiku. Lakini alipofika, aliwaza: nikitoa na kunyang'anya, kesho kauli yangu itakuwa ya nani? Na kama nitaua, niue kwa neno lililokwenda kwa mchezo?

"Sikio," akasema, "korongo lilikwenda kwa kitendawili, lirudi kwa kitendawili. Utakubali?"

"Nitakubali."

"Kitendawili mchana?" mzee mmoja akalalamika. "Ni mwiko, mbuzi watapotea!"

"Wangu wamekwisha kupotea," akasema Mkunde. Akamtazama Bibi Mwendwa machoni, mara ya kwanza tangu siku ya njuga. "Tega."

Bibi Mwendwa akatega.

"Mama yake ana pembe, bibi yake ana kanga, yeye mwenyewe hana jino."

Hapakuwa na mtu uwanjani ambaye hakujua jibu. Lilikuwa mgongoni kwa Mkunde, linatafuna upindo. Na Sikio lilijua kuliko wote. Ndilo lililokuwa linasikia kila usiku jinsi Matendo anavyolia na jinsi anavyochoka kulia.

"Nimeshindwa," likasema Sikio.

Watu wakaguna.

"Huwezi kushindwa hicho," akasema Bibi Mwendwa.

"Nimeshindwa, Bibi. Nakupa mji. Nakupa Korongo la Nyuki."

Sasa ndipo alipoelewa alikoingia. Aliyepewa mji hanyamazi. Lazima aseme alikwenda, akakuta nini, akafanya nini. Na chochote atakachosema amekifanya huko, Sikio litakifanya. Uwanja mzima ulikuwa unamngoja amalize mchezo ambao alikuwa anaumaliza kila jioni bila kufikiri.

"Nilikwenda Korongo la Nyuki," akaanza. Akaanza upya. "Nilikwenda Korongo la Nyuki, nikamkuta mwanamke mwenzangu amelaza wanawe. Nikamwambia, leo sikufukuzi. Kaa ng'ambo ya mchanga. Upande huu, wenye kisima cha mbuzi, usikanyage. Huko ng'ambo uwinde, ulee, mpaka watoto watembee. Watoto wakitembea, utoke, na korongo lirudi kwa wenyewe."

"Mpaka watoto watembee," likarudia Sikio. "Watoto wote, Bibi?"

"Wote." Hakutaka hata mmoja abaki shimoni.

"Nimesikia."

"Na jibu," akamalizia, kwa kuwa desturi ni lazima imalizwe, "ni Matendo."

Mkunde alikuwa amekwisha kuondoka.

Jioni hiyo Bibi Mwendwa alimkokota mbuzi wake wa pekee mwenye maziwa, mweupe, mkaidi, mpaka mlangoni kwa Mkunde. Mkunde akaipokea kamba. Mkono hakuupokea.

*

Upinde wa Chilongola ukatundikwa ukutani, juu ya kitanda. "Mpaka watoto watembee," alimwambia mkewe Sechelela, na wenzake wakatundika za kwao, wengine kwa moyo, wengine kwa kuogopa kuchekwa. Kijiji kikala mlenda mtupu. Mizinga ya ng'ambo ikajaa mpaka asali ikawa inadondoka, na hakuna aliyevuka kuirina.

Kisima cha mbuzi kilitulia. Mbwa walikuja kila siku mpaka ukingo wa mchanga, wakasimama na yale masikio yao ya duara kama vijiko, wakatazama mbuzi wanakunywa. Halafu wote kwa pamoja wanashtuka, wanakimbia simba asiyekuwepo. Watoto wa kijiji walijifunza kuwaigiza. Wakubwa hawakucheka.

Chilongola alikuwa anakwenda kuwatazama mikono mitupu, siku nzima, jinsi mtu anavyokwenda kutazama shamba lake alilolikodisha.

"Unajua wanavyoamua kwenda kuwinda?" alimwambia mama yake. "Wanapiga chafya. Mmoja anaanza, wa pili, wa tatu. Chafya zikiwa nyingi wanaondoka. Zikiwa chache wanalala tena."

"Nawe ukawaambia 'afya'?"

Akacheka, kidogo. "Mmoja mzee ana mguu mbovu. Hawindi. Wakirudi wanamtapikia nyama, kama wanavyowatapikia watoto." Akatazama mbali. "Sikutaka kulijua hilo, mama. Mtu hapaswi kujua mambo kama hayo ya kitu atakachokipiga."

Tumbo la Sechelela likakua. Matendo akanenepa, akaota meno, akaanza kumvuta mbuzi mweupe masikio na kujaribu kusimama kwa kushika miguu yake. Mkunde alianza kumsalimia Bibi Mwendwa njiani. Salamu tu, nusu ya salamu.

Na watoto wa mbwa wakatoka shimoni. Wakatembea. Wakakimbia. Daktari Nsia alikuja akawawekea punje, akasema mwezi huu. Mwezi ule ukapita. Kiangazi kikaingia cha pili, kikali, kisima cha mbuzi kikashuka mpaka mtu anaingia kwa ngazi, na maji mazuri yako ng'ambo. Mbwa bado walikuwepo, watoto wamekuwa warefu kama mama yao.

Siku hiyo Chilongola alirudi mapema. Alipita moja kwa moja mpaka chumbani, Sechelela akiwa ndani na wanawake wenzake tangu asubuhi. Akatoka na upinde wake, na vumbi la miezi yote hiyo juu yake.

"Mama. Watoto wanatembea. Wanaua swala wenyewe. Kwa nini Sikio haliwatoi? Wenzangu wanasema umetudanganya. Wanasema ulijua."

"Nilijua nini?"

"Muulize rafiki yako."

Wakaenda wote wawili chini ya nguzo.

"Sikio," akasema Bibi Mwendwa, "watoto wametembea. Mbona neno langu halijatimizwa?"

"Linatimizwa, Bibi. Ulisema watoto wote. Watoto wa mbwa wametembea. Matendo ametembea, tangu juzi. Mtoto wa Masinjila bado. Wale pacha wa kwa fundi baiskeli bado. Nangoja."

Bibi Mwendwa alishika nguzo kwa mkono. Ilikuwa ya moto, lakini hakuutoa.

"Nilisema watoto wa mbwa."

"Ulisema watoto. Jibu la kitendawili chako lilikuwa mtoto wa mtu. Nikaona unazungumza habari ya wote. Nikakuuliza, wote? Ukasema, wote."

"Mahumbulu hapajawahi kukosekana mtoto asiyetembea," akasema Chilongola polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Tangu mababu. Hapatakosekana." Akamgeukia mama yake. "Basi liambie sasa hivi. Sema watoke."

"Kauli hubadilishwa na kauli," likasema Sikio kwa upole. "Bibi akisema, nitaanza kunguruma. Watapitia Isungha. Kule bado kuna nyama ya sumu. Watakwenda wote, na yule mwenye mguu mbovu. Sisemi ili nikuzuie. Nasema kwa kuwa mwanzo hamkuniambia mambo yote, nami nikakosea. Sasa sitaki na mimi nikufiche."

"Wewe ulikosea?" akasema Bibi Mwendwa. "Au ulitega?"

Chilongola hakungoja lijibu.

"Sema, mama," akasema Chilongola. Macho yake yalikuwa mekundu. "Maji yako kule. Nyama iko kule. Mimi nimengoja kama mtu. Nimeutundika kama nilivyosema. Sema neno moja niwe mwindaji tena."

Bibi Mwendwa aliangalia ule upinde, na vidole vya mwanawe vilivyolainika kwa kukaa bure. Akawaza yule mbwa mzee anayetapikiwa nyama. Akawaza ngazi ya kisima, na Mkunde anavyoipanda na ndoo kichwani. Akafungua mdomo.

Vigelegele vikalia kutoka nyumbani kwao.

Kililia kimoja, kikafuatwa na vingine, wanawake wakitoka mlangoni mikono juu, na mmoja akapaza sauti mpaka kwenye ghala: "Chilongola! Baba! Una mtoto wa kike! Mama yake mzima!"

Upinde ukamwanguka mkononi. Alikimbia bila kuuokota, ndala moja ikabaki nyuma, anacheka na kulia kwa wakati mmoja, mwindaji mzima. Bibi Mwendwa naye kigelegele kilimtoka chenyewe, kirefu, kabla hajajua kama anaruhusiwa kufurahi.

Kilipoisha, akabaki peke yake na nguzo.

"Hongera, Bibi," likasema Sikio. "Mmoja ameongezeka."

Ng'ambo, kwenye korongo, mbwa mmoja alikuwa anaita wenzake, ile sauti yao ya chini isiyofanana na kubweka: huu, huu, huu. Wakamwitikia. Walikuwa karibu na maji.

"Bibi," Sikio likauliza, kwa sauti ileile ya jioni zote za mkekani, "umeshindwa?"

Neno "nimeshindwa" lilikwisha kufika kwenye ulimi. Lilikuwa ndilo neno la kweli kuliko yote aliyowahi kutaka kuyasema, lakini aliyeshindwa anadaiwa mji. Bibi Mwendwa akakamata upindo wa kanga, akaukandamiza kinywani kwa mikono miwili, akainama akauokota upinde wa mwanawe, akaenda nao nyumbani kumwona mtoto.